Aliyekutuma Anasubiri Habari

Mwaka 2018 mzee mmoja, mhandisi mstaafu, alinipigia simu asubuhi nikiwa kwenye daladala ya Nkuhungu. "Mwanangu, kuna mkandarasi anajenga madarasa Kongwa, mkadiriaji wake kaacha kazi. Nimempa namba yako. Ongea naye kwa adabu." Nilimshukuru sana. Nikaongea na mkandarasi kwa adabu, kazi nikaipata. Nikaenda Kongwa, nikapima, nikaandaa hati za malipo, na mimi nikalipwa changu. Miezi minne ikapita.

Siku moja nikakutana na yule mzee msibani, kule Kikuyu. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu na kunisogezea kiti. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote: "Nasikia ile kazi ya Kongwa uliipata. Dereva wa mkandarasi ndiye aliyeniambia."

Hakuongeza neno, akageukia wazee wenzake. Mimi nikakosa pa kuangalia. Mtu aliyenisemea hadi nikapata riziki, habari zangu alizipata kwa dereva. Ninayoandika hapa yote yanatokana na siku ile.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kupima michoro, kuandaa mchanganuo wa gharama, na kukagua kama kazi iliyofanyika inalingana na fedha inayodaiwa. Nilihamia Dodoma mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya Serikali kutangaza kwamba sasa inahama kweli. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulikuwa wa tangu 1973, lakini sisi tuliokuja wakati ule ndio tuliokuta vumbi la ujenzi limeamka: Mtumba, Iyumbu, Nzuguni, Ilazo, kila upande tipa za mchanga. Nilikuja na cheti, kompyuta moja na begi la nguo. Sikuwa na ndugu wala niliyesoma naye mjini hapa.

Vijana wengi huniuliza, "Dada, koneksheni ulizipata wapi?" Neno lenyewe silipendi. Kwa jinsi tunavyolitumia, koneksheni ni mlango wa nyuma: mtu mmoja mkubwa anayekunyanyulia simu na mambo yakaisha. Mimi sijawahi kuwa na mtu wa namna hiyo. Nilichonacho ni watu. Wapo wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mafundi, wahandisi wa halmashauri, mama anayepika saiti, maafisa ugavi, wenzangu wa fani, madereva. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kunipa kila kitu, na imenichukua miaka kuwajua.

Sasa nirudi kwa yule mzee.

Mtu akikutuma kwa mwenzake, ameweka jina lake rehani. Kuanzia hapo anasubiri. Anataka kujua kama ulikwenda, kama ulipokelewa, kama amshukuru yule aliyekupokea au akuombee radhi. Ukinyamaza, unamwacha gizani, na siku nyingine jina lako likitajwa mbele yake hana la kusema. Hatakuwa amekuchukia, ila hajui wewe ni mtu wa namna gani. Nadhani watu wengi hupoteza watu wao hapa, kwenye ukimya, kuliko kwenye ugomvi.

Kwa hiyo nilijiwekea sharti: mrejesho siku hiyohiyo, kabla sijalala. Ujumbe wa sentensi tatu unatosha. "Shikamoo mzee. Nimeonana na mkandarasi leo, tumekubaliana nianze Jumatatu. Ahsante sana kwa kunisemea, nitakujulisha nikishafika saiti." Na ukishafika saiti, umjulishe kweli.

Ujumbe wa muhimu zaidi ni ule wa kukosa. Tukikosa kazi huwa tunaona aibu, tunajificha. Mwaka 2020 mama mmoja, afisa ugavi, alinielekeza kwa kampuni iliyokuwa inatafuta mtu wa fani yangu. Nilipofika nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Jioni nikamwandikia: "Shikamoo mama. Nimefika, wameshapata mtu, lakini wamenipokea vizuri kwa sababu yako. Nakushukuru." Akajibu kwa neno moja tu, "Marahaba." Wiki iliyofuata akapiga mwenyewe: "Kuna sehemu nyingine, andika namba." Baadaye aliniambia kwamba kati ya vijana wote aliowahi kuwaelekeza kwa watu, waliorudi kumwambia wamekosa anawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Dodoma ina jambo lake ambalo mtu wa Dar au Mwanza huenda asilione haraka: huu ni mji wa mikeka, yaani orodha za uteuzi. Uteuzi unatangazwa usiku, asubuhi ofisi ina mtu mwingine. Watumishi wanahamishwa, wengine wanarudishwa, wengine wanastaafu. Ukimjua mtu kwa kiti chake, kila mkeka ukitoka unaanza upya.

Nimewahi kushuhudia simu ya mtu ikinyamaza. Alikuwa na cheo kizuri, na simu yake ilikuwa haikai dakika tano bila kuita. Jina lake lilipotoka kwenye kiti kile, tulikaa pamoja mgahawani karibu saa mbili nzima, simu iko juu ya meza, kioo juu, haiiti. Kila baada ya muda aliigusa kuona kama ina chaji. Sikuwa na la kumwambia kuhusu kazi. Nilimuuliza kama watoto watapata shule huko anakokwenda, na nyumba aliyoanza kujenga Ilazo nani ataiangalia. Nikamwambia nitakuwa napita kuitazama nikiwa upande ule, na nilipita, nikawa namtumia picha za msingi na baadaye za kuta.

Hajawahi kunipa kazi hata moja, na sitegemei anipe. Lakini nikikwama kwenye kipengele cha mkataba, ndiye ninayempigia. Ananielewesha hata nusu saa, na elimu ile nisingeweza kuinunua.

Kwa hiyo mkeka ukitoka, mimi hupiga simu kwanza kwa aliyeondoka. Aliyeingia ana wapigaji wa kutosha wiki hiyo, simu yangu inaweza kusubiri.

Kuna kundi jingine ambalo nililichelewa sana, yaani watu wa mbali kidogo. Mwaka uleule wa 1973, mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwahoji wataalamu, mafundi sanifu na mameneja wa mji wa Newton, jirani na Boston, waliokuwa wamebadili kazi karibuni. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye kwa nadra kuliko hivyo, lakini zaidi ya mara moja kwa mwaka, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au pungufu. Sababu yake ni nyepesi. Rafiki yako wa kila siku anasikia yaleyale unayoyasikia wewe. Mtu wa mbali anatembea njia usizotembea.

Kwangu mtu huyo alikuwa dereva wa tipa. Alikuwa analeta mchanga kwenye saiti moja ya Iyumbu, na kila akifika mimi ndiye niliyekuwa napima ujazo kabla hajamwaga. Madereva wengi hawampendi mpimaji, wanaona anawapunja. Huyu nilizoea kumsalimia kwanza, "Mbukwenyi," naye anacheka kwa jinsi Kigogo changu kilivyo kigumu, kisha ndipo napanda na rula yangu. Ujazo ukipungua namwonyesha palipopungua, ukizidi namwandikia kilichozidi. Basi, hatukuwa marafiki. Sikujua hata anakaa wapi.

Mwaka mmoja baadaye akanipigia. Alikuwa amepeleka kokoto Mpwapwa, akakuta ujenzi wa jengo la parokia umesimama kwa sababu kamati na fundi wamegombana kuhusu fedha: fundi anasema amefanya kazi kubwa, kamati inasema ameshalipwa zaidi. "Nikawaambia namjua dada mmoja anapima, hapendelei mtu." Nilikwenda nikapima kazi yote iliyofanyika, nikakaa na pande zote mbili kwenye benchi chini ya mti, mstari kwa mstari, tangu asubuhi hadi jua likazama. Wakaafikiana. Kazi ile ilinizalia nyingine mbili. Na ndiyo, jioni ileile kabla sijapanda gari nilimpigia dereva nikampa habari.

Kuhusu kutunza kumbukumbu sitasema mengi, ila usiiamini simu. Niliwahi kuwa na majina manne ya "Fundi Tailizi" na sikujua yupi ni yupi. Sasa nina kauntabuku. Kila mtu ana mistari yake: tulikutana wapi, anafanya nini, nani alitukutanisha, na jambo moja la maisha yake aliloniambia mwenyewe. "Fundi tailizi, Chang'ombe, tulikutana saiti ya Kisasa, binti yake yuko kidato cha nne mwaka huu." Ukimpigia baada ya miezi minane ukamuuliza binti amefanyaje mtihani, huhitaji maneno mengine ya kufungulia mazungumzo. Jumapili jioni nafungua kurasa mbili tatu na kuchagua watu wawili wa kuwajulia hali, si zaidi. Na siku hiyo siombi kitu. Hata kama nina shida, naiacha hadi siku nyingine, kwa sababu mtu akishazoea kwamba namba yako ikiita ni shida, ataanza kuitazama tu hadi ikatike.

Michango ya harusi huwezi kuimaliza. Ukiahidi kila kadi utakula mlenda mtupu mwezi mzima, na kuahidi bila kutoa ni vibaya kuliko kusema mapema kwamba mwezi huu sina. Msiba ni tofauti. Msibani nenda. Kama huwezi, piga simu kwa sauti, usiandike "pole" kwenye grupu ambamo kuna "pole" nyingine sabini. Hapa Dodoma wengi wetu tumekuja bila ukoo, na mtu akifiwa katikati ya wiki, wenzake wa kazini na majirani ndio wanaobeba viti.

Tumieni pia Jumamosi. Ijumaa mchana mji hupungua, wenye familia Dar wanaondoka, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 wanaondoka kwa urahisi zaidi. Wanaobaki wanakwenda kutazama viwanja vyao. Mtu ambaye ofisini hana hata dakika kumi, Jumamosi utamkuta amesimama kwenye msingi wake na kofia kichwani, ana muda na anataka mtu wa kuongea naye kuhusu nondo.

Lakini pawe na mpaka. Zabuni za Serikali sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa kielektroniki, na mtu anayekuomba umpigie rafiki yako wa ugavi ili avujishe makisio anakuomba umpoteze rafiki. Niliwahi kuombwa hivyo na mkandarasi aliyekuwa ananilipa vizuri. Nilikataa, akaacha kunipa kazi, na mwaka ule ulikuwa mgumu kweli, hadi kodi ya nyumba nililipa kwa mafungu. Yule rafiki hajui hadi leo. Tukikutana namuuliza habari za mama yake anayeumwa miguu, naye ananielekeza bila kuficha namna ya kusoma nyaraka zilizo wazi kwa kila mtu. Huo ni msaada mkubwa, na hauwezi kumfikisha yeyote TAKUKURU.

Yule mzee wa Kongwa nilimfuata nyumbani kwake Miyuji siku tatu baada ya ule msiba. Nilibeba kilo mbili za zabibu, na nakala ya hati ya mwisho ya malipo ya yale madarasa. Nikamwomba radhi, akapokea. Halafu akavaa miwani, akaichukua ile hati akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari wa plasta. "Hapa ulitoa eneo la milango na madirisha?" Nikasema ndiyo. Akarudia kukokotoa kwa kalamu pembeni ya karatasi, akaona inakubali, akamwita mkewe alete chai.