Bata Campbell wadogo kutoka kwa Call: usiwarudishe kwa Call, pandisha chotara kwa chotara kwanza

Mkuu nimesoma swali lako. Una majike wa Khaki Campbell, wale bata wa rangi ya khaki, ukawapandisha na dume mweupe wa Call, ile aina ya bata wadogo, ili upate Campbell wadogo, watoto wamekua wametoka wa katikati, si wadogo si wakubwa, ile khaki haionekani kwa hata mmoja, na sasa unauliza kama uwarudishe kwa Call ili washuke zaidi. Usiwarudishe, angalau sio msimu huu. Laini yangu ya bata wadogo, yaani ukoo ninaouchagua kizazi hadi kizazi, ilianza na krosi ya aina hiyohiyo kwa hiyo nitaandika kirefu, nivumilie.

Kwanza hao chotara wako hawajaharibika, wametoka vile walivyotakiwa kutoka. Ukubwa wa mwili kwa bata hauendeshwi na jeni moja. Kwa kuku ipo jeni ya ukibete inayokaa kwenye kromosomu ya jinsia, kuku akiwa nayo anapungua mwili kwa mkupuo, sasa watu wanachukua habari ya kuku wanaileta kwa bata na wanategemea uzao wa kwanza utoe bata mdogo tayari. Kwa bata tunaofuga wadogo kama Call ni jeni nyingi, kila moja inapunguza kidogo, na kila mtoto anachukua nusu kwa mama nusu kwa baba. Jike wa Campbell ana kilo 2 hadi 2.3 hivi, dume wa Call ana kama gramu 600 mpaka 700, kwa hiyo chotara wao anaangukia kwenye kilo moja na robo mpaka moja na nusu, na wote wanakuwa kama wamepigwa kwenye tofali moja. Utofauti unatokea uzao wa pili, yaani chotara kwa chotara, hapo ndo karata zinachanganywa upya na unaanza kuona mmoja kamrudia bibi Campbell, mwingine kamrudia babu Call, wengi wakiwa katikati, na wachache wale unaowatafuta, mwili mdogo na umbo la Campbell. Hao wachache hawawezi kutokea kwenye uzao ulionao sasa, na ukiwarudisha kwa Call hawatokei pia, nakueleza kwa nini.

Ukimpandisha chotara na Call unapata bata mwenye robo tatu ya Call. Uzito utashuka kweli, mtu anapima anafurahi. Ila tazama kichwa. Call ana mdomo mfupi mpana, paji la uso limeinuka, mashavu ya mviringo, shingo fupi, mwili umekaa chini kama boti. Campbell ana kichwa kirefu chembamba, shingo nyembamba, kifua kimenyanyuka kidogo anaposimama. Yule wa robo tatu atakuwa na mashavu ya Call na mwili mnene, ukimleta kwa watu utaambiwa ni Call mbovu aliyezidi uzito, na kuyatoa hayo mashavu baadaye kwenye laini ni kazi ngumu kuliko kupunguza uzito. Uzito unashuka kila mwaka ukichagua vizuri, umbo ukishalipoteza ni mpaka umrudie Campbell mkubwa, na hapo uzito unapanda tena, unaanza moja.

Na hii krosi yako si ngeni kabisa. Reginald Appleyard wa Uingereza, yule aliyetengeneza aina ya bata inayoitwa Silver Appleyard, yule mkubwa, miaka ya 1940 alipandisha jike mdogo wa Khaki Campbell na dume mweupe wa Call, hivyohivyo kama wewe, ndo akapata bata mdogo wa rangi ya fedha ambaye siku hizi anaitwa Silver Bantam. Kwa muda mrefu watu walimchukulia kama ndiye Appleyard mdogo kwa kuwa kwa mbali wanafanana, lakini jeni za rangi zake sio zile za Appleyard mkubwa. Ikabidi miaka ya 1980 Tom Bartlett, hukohuko Uingereza, amtengeneze Appleyard mdogo wa kweli, mwenye rangi ya mkubwa na umbo la mkubwa, na huyo ndiye anayeitwa Miniature Silver Appleyard sasa. Dume wake ana kama kilo 1.36, mkubwa anagonga mpaka kilo 4. Yaani mini, bata aliyepunguzwa kutoka aina kubwa, akiwa mzuri ni kama theluthi ya mkubwa, halali kuwa mzito kuliko Call, na huyo ndo kipimo changu kwa kila anayetaka mini wa aina yoyote. Kwa Campbell mimi ningelenga gramu 900 mpaka kilo moja na kidogo nikaishia hapo. Mtu anayetaka Campbell wa gramu 600 anataka Call mwenye rangi ya khaki, ambayo si vibaya ila ni mradi mwingine.

Sasa rangi, hapa soma polepole maana ndo inawakatisha watu tamaa. Ukahawia wa khaki uko kwenye kromosomu ya jinsia na ni jeni inayojificha, yaani ikikaa pamoja na nakala ya kawaida haionekani. Kwa ndege jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, kwa hiyo jike anabeba nakala moja tu ya hiyo jeni na anaipata kwa baba, dume ana nakala mbili. Baba yao Call kama hana ukahawia amewapa mabinti wote nakala ya kawaida, basi binti hata mmoja hana khaki wala hawezi kuirithisha. Madume wote wamepata nakala moja kutoka kwa mama Campbell, hawaionyeshi ila wanayo, wote bila kubakiza. Ukipandisha dume chotara na jike chotara, nusu ya mabinti watakuwa na ukahawia, madume hakuna hata mmoja. Watu wengi wanafika hapa wanasema khaki imekataa kwa madume, haijakataa, dume anahitaji kuipata pande zote mbili na mama yake hana. Msimu unaofuata unachukua jike wa uzao wa pili mwenye ukahawia unampa mmoja wa madume chotara wa uzao wa kwanza, hapo nusu ya watoto wote, madume kwa majike, wanatoka na ukahawia. Kwa hiyo tafadhali usiwauze wala kuwachinja hao madume chotara kwa sababu eti ni wakubwa, hao ndo hazina yako, kwao huna haja ya kubahatisha nani amebeba na nani hajabeba.

Ongeza na hili, khaki sio ukahawia peke yake. Campbell ana mchoro wa manyoya mweusimweusi usio na mstari usoni wala pete nyeupe shingoni, nao unajificha mbele ya mchoro wa bata wa porini, kwa hiyo kwenye uzao wa pili unatokea kwa robo. Halafu weupe wa Call nao unajificha, robo nyingine watatoka weupe pee. Piga hesabu, majike wenye ukahawia na mchoro sahihi na wasio weupe ni kama 3 katika kila majike 32. Halafu kati ya hao unataka mdogo mwenye umbo. Ndo maana nakwambia usihangaike na rangi kamili msimu huu, shika umbo na uzito, jike akiwa na ukahawia tu hata kama ana mstari usoni mbakize, mchoro utakuja wenyewe mbele ya safari. Na weupe usiwatupe kwa kuwa ni weupe, mweupe mwenye umbo zuri chini ya manyoya yake kabeba rangi zote kama mwenzake.

Kwenye utotoleshaji. Mtoe yule dume wa Call kabisa bandani na usubiri kama wiki tatu kabla ya kukusanya mayai, jike anahifadhi mbegu mwilini hata wiki mbili na ushee, ukiwahi utatotolesha watoto wa Call ukidhani ni uzao wa pili. Campbell anatoka siku ya 28, Call siku ya 26 hivi, chotara wanatawanyika katikati, kwa hiyo usishangae mashine moja kutoa kwa awamu, na usizime mashine kwa kuwa wengi wameshatoka. Wale waliorithi mdomo mfupi wa Call ndo wanasumbua, kifaranga anatakiwa kutoboa kwanza ngozi ya ndani ili apate hewa kwenye kile chumba cha hewa halafu ndo apasue ganda, mwenye mdomo mfupi na kichwa mviringo anashindwa kujigeuza vizuri anafia ndani akiwa kamili. Mimi siwasaidii kutoka kwenye laini ninayoijenga. Najua inauma kumwangalia, lakini ukimtoa kwa mkono na akakua ukampandisha, umeingiza kwenye laini yako bata asiyeweza kuzaliwa mwenyewe.

Kitu kingine kinachodanganya watu sana ni ukubwa wa kifaranga siku anatoka. Kifaranga anafuata ukubwa wa yai, na yai linafuata mama. Hao chotara wako walitoka kwenye mayai makubwa ya Campbell wakazaliwa wakubwa, watoto wao watatoka kwenye mayai ya wastani watazaliwa wadogo wote, hata yule atakayekuja kuwa na kilo mbili. Usichague kwenye bruda, pale unapolelea vifaranga. Mvishe kila kifaranga pete ya rangi, subiri wiki 16 mpaka 20 ndo upime, wote siku moja, asubuhi kabla hawajala, na wale uliowabakiza uwapime tena wakianza msimu wa kutaga. Na mtu asikushauri uwanyime chakula ili wabaki wadogo, udogo wa njaa hauendi kwa watoto, unachopata ni miguu iliyopinda na kizazi kibovu. Tena bata anahitaji vitamini B3 kuliko kuku, chakula cha vifaranga wa kuku kikiwa peke yake mara nyingi hakitoshi, utawaona wanakalia magoti wiki ya pili, changanya hamira ya lishe kwenye chakula.

Siku ya kuchagua mimi naanza na umbo ndo nakuja kwenye mzani. Namshika bata nikiwa nimemkumbatia kwa mkono wa kushoto, kichwa kiko huru, namwangalia ubavuni. Naufuata mdomo kutoka nchani mpaka unapoingia kwenye uso, kama mstari unapanda taratibu kuelekea juu ya jicho huyo ni Campbell, kama unafika kwenye pua halafu paji linasimama ghafla huyo kamfuata Call na simbakizi hata akiwa na gramu 800. Halafu namshusha chini atembee na wenzake, maana mkononi kila bata anaonekana ananyoosha shingo, akitulia ndo unajua mwili wake umekaaje. Sikiliza pia sauti, majike wa Call wana kelele kali ya kukera na hiyo inarithiwa, mimi nikiwa na majike wawili wanaolingana nabakiza mkimya. Wakishapita hapo ndo mzani, na katika waliopita nachukua wadogo, sio mdogo kuliko wote, wadogo kadhaa. Ukichukua mmoja tu aliyezidi wote kwa udogo ukajenga laini nzima juu yake, baada ya vizazi vichache mayai yanaanza kutokuwa na mbegu na vifaranga wanafia ndani ya yai, damu imekaribiana mno. Gawa mabanda mawili tangu sasa, kila banda na chotara wa mama Campbell wake, halafu unabadilishana madume unapoona utotoleshaji unashuka.

Angalizo la upandishaji, usimweke dume mkubwa na jike mdogo, hasa penye maji ya kina, anamzamisha au anamvunja mgongo. Dume mdogo jike mkubwa ndo njia salama, na wakiwa majini wanawezana hata tofauti iwe kubwa.

Yule mdau aliyeshauri uingize Muscovy eti majike wake ni watulivu, hapana jamani. Muscovy ni jamii nyingine kabisa, bata wengine wote wa kufugwa wametokana na mallard wa porini ila yeye hapana, chotara wake na bata wa kawaida ni tasa, laini inaishia hapohapo, mbali na kwamba dume wake ni jitu.

Kwa hiyo msimu huu chotara kwa chotara, totolesha kadiri nafasi na chakula vinavyoruhusu, bakiza wachache. Ukishapima leta hapa uzito wa kila mmoja na picha ya kichwa ubavuni, tuangalie nani apewe dume yupi. Na hebu tuambie wale majike wa Campbell ulioanza nao ni ndugu au umewatoa sehemu tofauti, maana hilo ndo litaamua hayo mabanda mawili uyagawe vipi.