Masuali na Majibu: Kwenye vyama vya ndege, nani yumo na kakaa wapi?

Wiki hii masuali yamekuja mengi ya ndege, au tuseme ya watu wa ndege, maana nusu yenu hamuulizi kuhusu mabawa mnauliza kuhusu vyama vya wataalamu na nani anaruhusiwa kuingia humo. Nimeyafupisha kidogo.

Nasoma chuo, nataka kuandika utafiti wa mwisho juu ya utofauti wa watu na ujumuishi kwenye vyama vya wanasayansi wa ndege. Wenzangu wananicheka, wanasema hesabu ndege achana na watu. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Tunguu)

Waache wacheke, kuhesabu ndege kuna raha yake lakini ndege hagombei uenyekiti. Wengi wakianza kazi hii wanachukua orodha ya wanachama, wanaume kadhaa wanawake kadhaa, Waafrika kadhaa, wanatoa asilimia, basi wanafunga laptopu. Hapo bado hujafanya kitu, kwa sababu orodha inakwambia nani yumo, haikwambii kakaa wapi.

Chukua mfano wa chama cha Marekani, American Ornithologists' Union, kilichoanzishwa 1883. Florence Merriam Bailey aliingia 1885, mwanamke wa kwanza, lakini kwa daraja la chini. Akaandika, akatembea nchi nzima akiangalia ndege, 1902 akatoa kitabu kikubwa cha ndege wa magharibi ya Marekani, na daraja la juu kabisa la chama, Fellow, akaja kupewa 1929. Miaka 44 hiyo jamani! Ni kama mgeni anayekaribishwa barazani kila siku na kahawa anapewa, ila ndani haingii. Sasa mtu akija na orodha ya 1886 atakwambia wanawake wamo, na hajasema uongo.

Kwa hivo fungua madaftari mengine: nani yuko kwenye bodi ya wahariri wa jarida, nani anapewa tuzo, nani anaitwa kuhutubia mkutano mkuu na nani anasimama pembeni na bango lake, nani kalipiwa nauli. Angalia na mikutano yenyewe inafanyika wapi, ule wa dunia nzima ulianza Vienna 1884 na Afrika ukaja kufika 1998, Durban. Na kama huna pesa ya kusafiri usihangaike, lipo jarida la ndege wa Afrika Mashariki, Scopus, linatoka Nairobi tangu 1977 na matoleo mengi yapo mtandaoni. Kaa nalo, makala kwa makala, andika mwandishi wa kwanza anuani yake iko wapi, Afrika Mashariki au nje, halafu tazama miaka inavyokwenda. Utafiti mzima huo, na gharama yake bando tu.

Kupata jinsia za waandishi, naweza kutumia ile programu inayokisia kwa jina? (Huyo huyo wa Tunguu, kaandika tena)

Usitumie, au ukitumia usiiamini kwa majina yetu. Fikiria dada anaitwa Asha Juma Haji, makala yake inatoka kwa jina la A. J. Haji, yaani herufi mbili na jina la babu yake. Programu haitajua, au itakisia mwanamme na wewe utaandika mwanamme. Na Salama je, na Amani? Rangi na kabila ndo usijaribu kabisa, jina la Haji linaweza kuwa la mtu wa Makunduchi, wa Muscat au wa Jakarta. Waulize wenyewe kwa dodoso, wajieleze wanavyotaka, na weka nafasi ya "sitaki kusema". Halafu kama chama kina Mpemba mmoja tu usiandike "mwanachama kutoka Pemba alilalamika", maana hapo ushamtaja.

Baba yangu amewatembeza watafiti msitu wa Ngezi miaka mingi, anamjua kila ndege kwa mlio. Ripoti zao zikitoka jina lake halimo. Kwenye huo ujumuishi wenu yeye anahesabiwa wapi? (Msomaji, Konde)

Hahesabiwi popote, na hilo ndo tatizo ninalotaka watu waliangalie kabla ya mengine yote. Wataalamu wote wanaokuja Pemba wanataka wale wanne wasiopatikana kwengine duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kile kijindege chenye duara jeupe machoni, na yule bundi mdogo. Bundi hapatikani kirahisi. Unaingia Ngezi usiku, giza totoro, anatoa "hu" moja halafu kimya, unangoja, mgeni anageuza tochi huku na huku haoni kitu, na muongozaji kashajua yuko mti gani na tawi gani kwa sauti ile moja tu. Kisha ripoti inaandikwa "tulimwona". Tulimwona nani na nani?

Kwenye vitabu bundi huyo ana mwaka wake, 1937, na mwandishi wake, Pakenham, afisa wa serikali ya kikoloni. Watu wa Ngezi walikuwa wakimsikia kabla ya hapo sana. Simlaumu Pakenham kwa kuandika, kaandika vizuri tu, nalaumu mtindo wa leo wa kufanya vilevile.

Na si sisi peke yetu. Mwaka 2023 wataalamu zaidi ya 100 wa ndege wa Amerika ya Kusini, ya Kati na Karibi walitoa makala ndefu kwenye jarida la Ornithological Applications, wakisema wazi kwamba kazi za wenyeji na za lugha zao zinapuuzwa halafu wageni wanakuja kusema ndege hawa hawajachunguzwa. Baba yako amwambie mtafiti ajae mapema, kabla ya kuingia msituni: malipo yangu kiasi hichi, na jina langu linakwenda kwenye ripoti. Na kama kazi ya kumtambua ndege kaifanya yeye basi awemo kwenye waandishi, kuishia kwenye mstari wa shukrani kule mwisho hakutoshi.

Wamarekani wanabadilisha majina ya ndege kwa sababu ya ubaguzi. Na sisi tufanye? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Kwanza kilichotokea. Mwaka 2020 chama chao, ambacho sasa kinaitwa American Ornithological Society, kilimvua ndege mmoja jina la McCown, jenerali aliyepigania upande wa watetezi wa utumwa. Novemba 2023 wakatangaza watabadilisha majina yote ya Kiingereza ya ndege wa Marekani na Kanada yaliyobeba majina ya watu, wakianza na 70 mpaka 80. Mwaka huohuo National Audubon Society, chama kingine cha ndege huko huko, wakakataa kubadilisha jina la chama, ijapokuwa Audubon, mchoraji wa ndege waliyejiita kwa jina lake, alimiliki watumwa.

Huku kwetu kile kijindege cha duara jeupe jina lake la kisayansi ni Zosterops vaughani, Vaughan naye ofisa wa kikoloni, lakini Kiingereza wanamwita kwa jina la Pemba tayari, na uamuzi ule wa Marekani haugusi majina ya kisayansi. Mie hili halininyimi usingizi. Jina unalibadilisha kwenye kikao kimoja, bodi ya wahariri kuibadilisha si rahisi hivo.

Mie mwalimu, mwanamke. Maji yakipwa natoka na darubini kuangalia vitwitwi, naulizwa natafuta nini na mume wangu anajua? Hivi wanawake wakizidi kwenye hivyo vyama, ndege watabadilika? (Mwalimu, Makunduchi)

Kuulizwa unatafuta nini si kwako tu. Mei 2020 pale Central Park, New York, Christian Cooper, mtu mweusi anayeangalia ndege, alimwomba mwanamke amfunge mbwa wake kamba, yule mama akampigia polisi. Siku chache baadae vijana wakaanzisha wiki ya waangalia ndege weusi, Black Birders Week.

Kuhusu suali lako la pili, ndio, kwa namna yake. Miaka na miaka vitabu vilisema dume ndo anaimba, jike anasikiliza. Utafiti wa 2014 ukaonesha jike anaimba katika 71% ya aina za ndege waimbaji zilizoangaliwa. Kisha 2020 wengine wakahesabu waandishi wa miaka 20: makala za jike kuimba, 68% mwandishi wa kwanza mwanamke, makala za ndege kuimba kwa jumla 44%. Jike alikuwa anaimba siku zote, ila aliyemuuliza hakuwepo. Endelea na darubini yako mwalimu.

Na kunguru mbona hamumtetei? (Hakuweka jina)

Kaletwa kutoka India miaka ya 1890, anakula makinda ya wenzake, na bado kajumuishwa kuliko sisi sote.

Nikitaka kuwahoji waongozaji wa Ngezi na Jozani, barua ya chuo inatosha? (Mtafiti, kutoka bara)

Haitoshi, na kibali cha bara nacho hakitoshi, unahitaji cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ukishakipata pita kwa watu wa misitu, kisha kwa sheha. Dodoso liwe la Kiswahili, na matokeo uyarejeshe kwa Kiswahili kwa waliokujibu. Na Pemba usiende msimu wa karafuu, hutampata mtu wa kumhoji.