Tawi refu la waridi lisilochanua: je, jeni imeruka?

Swali: Nina kitalu cha maua karibu na Entebbe. Mche wangu mmoja wa waridi huchanua mwaka mzima, lakini sasa umetoa tawi refu mno, lenye majani yaleyale ila karibu halina maua. Mwenzangu anasema kuna jeni iliyoruka ikatoka. Je, ni kweli, na nilikate?

Jibu: Ndugu msomaji, kwanza fukua udongo kidogo uone tawi limechipuka wapi. Likiwa limetoka chini ya kovu la kupandikizia (mahali waridi lilipounganishwa na shina la mmea mwingine wenye mizizi), hilo ni chipukizi la shina la chini, ambalo ni mmea mwingine kabisa, nawe uling'oe. Lakini kwa kuwa majani hayajabadilika, huenda limetoka juu ya kovu, na hapo mwenzako ameukaribia ukweli.

Waridi lina jeni iitwayo KSN, ambayo kazi yake ni kuzuia uchanuaji. Katika mawaridi ya mwituni yanayochanua mara moja kwa mwaka, jeni hiyo hufanya kazi baada ya msimu wa maua, na machipukizi hurefuka tu. Katika mawaridi yenye asili ya China yanayochanua mfululizo, watafiti walionyesha mwaka 2012 kwamba retrotransposoni (kipande cha DNA kinachoweza kujinakili na kujipachika kwingine) ya kundi liitwalo copia imejipachika ndani ya introni ya pili ya jeni hiyo, yaani sehemu isiyobeba maelekezo ya kutengeneza protini, na kuinyamazisha, hivyo kila chipukizi huishia kwenye ua.

Hata hivyo, neno "iliruka ikatoka" halifai hapa. Vipengele vya DNA ambavyo mwanasayansi Barbara McClintock aliviona kwenye mahindi, na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, vinaweza kujikata na kuhama, lakini retrotransposoni hujinakili kupitia RNA (molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye DNA), nakala ikapachikwa kwingine huku ya awali ikibaki palepale. Kinachoiondoa ni jambo jingine: ncha zake mbili zina mfuatano unaofanana, na zikiungana kimakosa sehemu ya katikati hupotea, ikabaki ncha moja tu. Masalio hayo ndiyo yaliyokutwa katika mawaridi ya kutambaa yaliyozuka kutoka kwa mawaridi yanayochanua mfululizo, na jeni ya KSN ilikuwa imeanza tena kufanya kazi. Nilivutiwa sana na ushahidi huu, kwa sababu tukio zima limeacha alama inayosomeka kwenye DNA. (Wala si waridi pekee: karibu nusu ya jenomu (DNA yote) ya kahawa ya Robusta, ambayo humea yenyewe katika misitu ya Uganda, ni vipengele vya namna hii.)

Kwa macho huwezi kuthibitisha. Kipimo cha maabara cha PCR, kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi ili kionekane, kikivuka eneo hilo la jeni ndicho kitakachoonyesha kama kipande kimepotea. Ukitaka kulitunza tawi hili, kwa kuwa badiliko limetokea kwenye chembe zake, lizalishe kwa vipandikizi vya tawi hilohilo, si kwa mbegu. Baadhi ya vipandikizi vinaweza kurudia hali ya zamani iwapo badiliko limeshika tabaka moja tu la chembe, kwa hiyo vitie alama na uvifuatilie kwa misimu miwili ya mvua. Lakini ukitaka maua ya kuuza, likate tawi hilo kwenye shina lake sasa, maana hunyonya chakula cha matawi yanayochanua.