Mtoto wa chekechea asitolewe mchezoni

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji ni michezo gani ya viungo inayowafurahisha watoto wa chekechea, hasa kwenye shule isiyo na vifaa. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali huku Muheza. Kwa maoni yangu, michezo mingi tuliyoicheza utotoni inafaa, ila iondolewe ile kanuni ya "umekosea, toka nje".

Chukua nyama nyama. Mwalimu anataja mnyama, akiwa analiwa, watoto wanaruka wakiitikia "nyama!" Ng'ombe, nyama! Mbuzi, nyama! Halafu ghafla: paka! Aliyeruka katoka. Sasa angalia anayetoka wa kwanza ni nani. Ni yule mdogo kuliko wenzake, au aliyezoea Kisambaa nyumbani na bado anakitafuta Kiswahili, au yule mzito wa kuruka. Anakwenda kukaa chini ya mwembe, na wepesi wanaendelea kuruka. Aliyehitaji mazoezi kuliko wote ndiye aliyefanywa mtazamaji!

Kwangu mimi, aliyeruka kwenye "paka" anakimbia kuugusa mwembe na kurudi. Wapo wanaoruka makusudi ili wapate kukimbia. Sina ugomvi nao.

Rede nayo, kama inavyochezwa na wakubwa, kwa mtoto wa miaka minne au mitano ni ngumu: akwepe mpira na huku ajaze mchanga kwenye chupa. Tunauviringisha mpira chini badala ya kuurusha, na anayeguswa anahamia upande wa warushaji. Mpira uwe wa soksi kuukuu zilizojazwa vitambaa. Ule wa nailoni uliokazwa kwa kamba unauma, na mtoto akishaumizwa na mpira mara moja, kumrudisha uwanjani ni kazi.

Kudaka kunataka subira. Mrushie mtoto mpira mdogo umtazame: anafumba macho, anakumbatia hewa, mpira unampiga kifuani. Si uzembe, macho na mikono yake havijazoea kwenda pamoja. Funga fundo kwenye kipande cha kanga, kiache kirefu kidogo kama mkia, urushe juu. Kinashuka polepole, naye anapata muda wa kukifuata kwa macho. Siku atakayokidaka mtasikia kelele hadi ofisi ya mwalimu mkuu.

Ukuti ukuti na kuruka kamba iliyolazwa chini mnazijua, sizielezi.

Kuna suala la muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 ajishughulishe kimwili kwa angalau dakika 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kuhema hasa. Unasema pia asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Kipindi kimoja cha michezo hakiwezi kufikisha hapo. Ndiyo maana kwangu hakuna anayetembea kawaida kwenda kunawa mikono: leo tunakwenda kama chura, kesho kama kaa, tumbo juu, viganja na nyayo chini. Mwendo wa kaa nausisitiza kwa sababu unakaza mabega na viganja, na mkono uliolegea huchoka upesi unapopewa penseli. Mzazi anayepima shule kwa wingi wa kurasa zilizoandikwa daftarini huwa namweleza hilo kwanza, akanielewa, ndipo namweleza mengine.

Darasa likiwa kubwa, usiwapange watoto mstari mmoja mrefu wa kusubiri zamu. Watasukumana, wataanza kulia, na kila mmoja atakuwa amekimbia mara moja tu. Wagawe makundi madogo, wachore duara zao mchangani wenyewe, mwalimu azunguke. Wacheze asubuhi, jua halijawa kali, na maji ya kunywa yawe karibu. Viatu vya shule vyenye soli laini iliyokwisha huteleza. Kwenye mchanga uliokaguliwa vioo na misumari, peku ni salama zaidi.

Vumbi kwenye sare halikwepeki. Wanaonilalamikia nawaomba wampe mtoto fulana kuukuu ya kaka yake aje nayo kwenye begi, abadilishe kabla ya mchezo.