Je, chanjo huungua na jua ikivushwa ziwani?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Ukerewe. Jana mwanangu wa wiki 10, kilo 5, alichomwa pajani pentavalenti, ile chanjo ya magonjwa matano. Usiku akapandwa na homa, paja likavimba. Jirani anasema dawa huungua na jua la ziwani kabla haijafika kisiwani. Wiki ya 14 nimrudishe kweli?

JIBU: Marahaba mama, pole kwa kukesha. Mrudishe. Chanjo iliyopigwa na joto hupungua nguvu, haigeuki sumu. Homa hiyo kwa kawaida huletwa na sehemu ya chanjo inayokinga kifaduro, yaani bakteria kamili wa ugonjwa huo, waliouawa. Mwili ukiwatambua hupata joto siku 1 au 2.

Wasiwasi wa safari ya ziwani una msingi, ila jirani analilaumu jua peke yake. Joto lina shahidi. Mwombe muuguzi akuoneshe kichupa: kwenye kibandiko kuna duara lenye rangi na mraba mweupe ndani. Joto likizidi, mraba hukoza. Ukilingana na duara, kichupa hakitumiki. Baridi kali haina shahidi huyo. Pentavalenti ikiganda hata mara moja imeharibika, na mraba unabaki mweupe vilevile. Ndiyo maana pakiti za barafu haziingizwi kwenye kibebeo cha chanjo zikiwa ngumu kama barafu ya sangara mwaloni. Huachwa nje mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Chanjo inataka nyuzijoto 2 hadi 8.

Paja liwekee kitambaa cha maji baridi. Usilikande kwa maji moto wala kulisugua. Homa ikimsumbua, mpe paracetamol ya maji (miligramu 120 kwa mililita 5), mililita 2.5, na ikibidi urudie baada ya saa 6. Akihitaji ya tatu, akikataa kunyonya, akilegea au akishikwa na degedege, mwahi kituoni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

SWALI: Binti yangu wa miaka 12 atachanjwa shuleni, Kirumba, dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mama mkwe anasema itamfunga kizazi.

JIBU: Haimfungi. Ndani yake kuna protini tu ya ganda la kirusi kinacholeta saratani hiyo, haina vinasaba, na haigusi mayai wala mfuko wa uzazi. Kinachoweza kumnyima kizazi ni saratani yenyewe, kwa kuwa matibabu yake mara nyingi ni kuondoa mfuko wa uzazi au mionzi. Siku hiyo anywe chai kabla ya kutoka, na akishachomwa akae dakika 15. Wasichana wengine huzirai kwa hofu ya sindano.