Misokoto sita na neno moja kwenye hati ya mashtaka

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mwanangu ana miaka 22, anaendesha bodaboda hapa Uyole. Alikamatwa na misokoto sita ya bhangi kwenye mfuko wa jaketi. Yuko nje kwa dhamana, wiki ijayo anasomewa mashtaka upya. Wenzake kijiweni wanasema sheria imelegezwa, chini ya gramu 25 si kesi, na hapo Malawi ni ruksa kabisa. Kuna mtu pale mahakamani anataka laki tatu ili "apunguze gramu", halafu kijana akiri, alipe faini yaishe. Nimpe?
Mama wa Uyole, Mbeya

JIBU: Usimpe, mama. Na kama ulishamtangulizia ya soda, hiyo ihesabu imekwenda.

Hizo gramu 25 nazijua zilikotoka. Ni za Ujerumani, ambako tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa kutembea nazo. Zimefika Uyole kwa simu, zikiwa zimevuliwa jina la nchi njiani. Afrika Kusini nako, Mahakama ya Katiba ilisema mwaka 2018 kwamba mtu mzima asiadhibiwe kwa bhangi anayotumia mwenyewe faraghani. Malawi ilichoruhusu mwaka 2020 ni kilimo cha leseni, kwa ajili ya dawa na viwanda. Anayejivutia msokoto wake kule Karonga bado ana kosa. Hata angekuwa hana, sheria ya Malawi inaishia darajani Songwe. Ya kwetu ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na ilipoguswa mwaka 2017 iliongezewa makali.

Lakini Ujerumani hainikeri sana. Kinachonikera ni hii imani kwamba mzani ndio unaoamua kila kitu. Karibu kila mzazi anayeingia ofisini kwangu anaanza na "ilikuwa kidogo tu, wakili". Sawa, ilikuwa kidogo. Hati ya mashtaka inasemaje? Hapo ananyamaza, kwa sababu hajaisoma.

Mwanao anaweza kushtakiwa kwa njia mbili, na kati ya hizo mbili kuna maisha ya mtu. Ya kwanza ni kupatikana na kiasi kidogo kwa matumizi yake mwenyewe. Hilo ni kosa, lakini lina mlango wa faini, na jela yake ni miaka ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ya pili ni kusafirisha. Huko hata mzigo mdogo una kifungo cha miaka 30. Watu wakisikia "kusafirisha" wanawaza lori la Tunduma. Kwa tafsiri ya sheria hii, neno hilo limebeba kununua, kuuza, kumpa mtu, kuhifadhi, kugawa, hata kuwa nayo tu. Sasa tazama jaketi la mwanao kwa jicho la mpelelezi: misokoto sita, kila mmoja umefungwa peke yake kwenye karatasi ya daftari, na mfuko uleule una noti za elfu mojamoja za nauli. Wewe unaona bodaboda aliyerudi kazini. Mwenzio anaweza kuona duka.

Ndiyo maana ushauri wa kukiri haraka unanitia hasira. Mshtakiwa akisema "ni kweli", mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, naye anaulizwa tena kama anayakubali. Nimemwona kijana aliyefundishwa kwenye korido aitikie kila kitu. Yakasomwa maelezo kwamba alikuwa amesimama akisubiri wateja, naye akaitikia, huku akimtazama mwalimu wake aliyekaa benchi la nyuma na bahasha ya kaki. Ukishatiwa hatiani kwa kukiri kwako mwenyewe, rufaa yako kwa kawaida inabaki kwenye ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Kosa lenyewe umeshalimeza.

Na huko "kupunguza gramu" kunafanyikaje? Kidhibiti, yaani ile bhangi iliyokamatwa, kinafungwa kwa lakiri, kinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kinarudi na ripoti. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, ilishaeleza umuhimu wa kuonyesha nani alikamata, nani alitunza, nani alimkabidhi nani. Mnyororo huo ukikatika, wakili anausema mahakamani mchana kweupe, bila laki tatu za pembeni. Anayedai kuukata kwa siri, ama anakudanganya, ama anakuingiza kwenye rushwa, na kwa sheria yetu ya 2007 mtoaji naye ana kosa.

Njia halali za kupunguza zipo. Tangu 2019 wakili anaweza kukaa na upande wa mashtaka kwa makubaliano ya kukiri kosa, na shtaka linaweza kubadilishwa kuwa dogo. Kwa dawa za kulevya mlango huo unafungwa thamani ya sokoni ikizidi shilingi milioni 20. Misokoto sita haifiki huko. Akitiwa hatiani kwa kosa dogo, umri wake na kwamba ni kosa lake la kwanza vinasemwa, na hakimu anaweza kumpa huduma kwa jamii chini ya sheria ya 2002, ambayo inagusa vifungo visivyozidi miaka mitatu. Kufagia zahanati miezi kadhaa si aibu.

Hawa vishoka wa korido mnawalea wenyewe. Wamevaa suti nzuri kuliko mimi, wanajua majina ya makarani wote, na siku ya hukumu simu zao hazipatikani. Mtu akijiita wakili, mwambie akutajie jina lake kamili, ulitafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama hapohapo mbele yake. Huna hela? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Anzia ustawi wa jamii, halmashauri.

Kabla ya siku hiyo nitafutie nakala ya hati ya mashtaka na ya fomu ya ukamataji, nione nani alisaini kama shahidi. Kama hatujaonana na kijana akaitwa kizimbani, ajibu "si kweli" na aombe muda wa kupata wakili.