Mama anahamia makao ya wazee moja kwa moja: Housing Benefit italipa kodi ya nyumba yake mpaka lini?

Dada, kwanza pole. Najua uzito wa hilo jambo kabla hata hatujafika kwenye pesa.

Kwa wanaopita tu, swali la dada ni hili. Mama yake ana miaka 81, yuko England, alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya shirika la nyumba, na kodi yote ikilipwa na Housing Benefit, yaani msaada wa kulipia kodi ya nyumba unaotolewa kupitia kaunsili (serikali ya mtaa). Ametoka hospitali akapelekwa makao ya wazee kwa majaribio, na sasa imeonekana hawezi kurudi. Mtu mmoja kamwambia kodi italipwa wiki 13, wa pili kasema wiki 4, wa tatu kasema imeshakatika. Na dada yake aliye Mombasa anashikilia nyumba isirudishwe kwanza, huenda mama akapata nafuu.

Hao watu watatu kila mmoja kashika kipande cha ukweli. Mimi nilishika kipande cha wiki 13 peke yake, na kilinigharimu.

Mama yetu alipigwa na kiharusi mwezi wa Februari. Akakaa hospitali wiki tano, kisha akapelekwa makao ya wazee kujaribu. Wakati huo nia yetu ilikuwa arudi. Kaka alishafunga vyuma vya kushikia bafuni na kununua kiti cha kuogea. Wiki ya sita pale makaoni tukaitwa kikao. Mama mwenyewe akasema, "Zile ngazi mimi siziwezi tena. Niacheni hapa hapa." Ofisa ustawi wa jamii akaandika kwenye fomu yake kwamba kuanzia siku ile mama ni mkaazi wa kudumu. Tukatoka pale mimi na kaka hatusemezani, kila mtu na machozi yake. Kodi ya nyumba haikumpitia mtu akilini.

Baadaye nilipokumbuka, nikajituliza: si nimeambiwa wiki 13? Tumetumia sita, bado saba. Nikatoa vitu taratibu, Jumamosi kwa Jumamosi. Notisi nikaipeleka wiki ya 13. Siku chache baadaye ikaja barua ya kaunsili: Housing Benefit imelipwa kimakosa kwa wiki saba, pauni 118 kila wiki, jumla pauni 826, zirudishwe. Na shirika la nyumba nalo likaniambia notisi ni ya wiki nne, kwa hiyo kodi ya wiki nne zaidi inadaiwa, na hizo hakuna wa kuzilipa.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba wiki 13 hazihesabiwi kwa kalenda peke yake. Zinasimama juu ya nia. Sheria inasema mtu aliyeingia makao ya wazee kujaribu kama patamfaa, huku akikusudia kurudi kwake pasipomfaa, anahesabiwa bado anaishi kwake kwa muda usiozidi wiki 13, ilimradi nyumba yake hajaipangisha. Siku nia ya kurudi inapoondoka, zile wiki 13 nazo zimekwisha, hata kama umetumia mbili tu. Ukijumlisha na wiki za hospitali, kutokuwepo kote kusizidi wiki 52. Hizo 52 ndizo za mgonjwa aliye hospitali au aliyeingia makaoni kwa muda tu apate nguvu kisha arudi. Si za mama yako sasa.

Sasa wiki 4. Hii ndiyo kanuni inayokuhusu, na ndiyo ambayo hakuna aliyenitajia mpaka nilipoitafuta mwenyewe. Mtu akishahama moja kwa moja, na bado anadaiwa kodi ya nyumba aliyotoka kwa sababu ambayo asingeweza kuiepuka, Housing Benefit inaweza kuendelea kulipa ile nyumba ya zamani kwa muda usiozidi wiki 4. Notisi ni mfano wazi wa deni lisiloepukika: mpangaji wa shirika au wa kaunsili kwa kawaida anatakiwa atoe notisi ya wiki nne, kwa hiyo hata angeiandika siku ile ile ya kikao, wiki nne zile angezidaiwa tu. Lakini usitegemee waipe wenyewe. Waandikie. Sema tarehe aliyohama moja kwa moja, tarehe ya notisi, na kwamba unaomba alipiwe nyumba ya zamani wiki 4 kwa sababu kodi haikuepukika. Ambatisha nakala ya notisi.

Mimi niliiomba kwa kuchelewa, kwa njia ya kupinga ile barua ya deni. Una mwezi mmoja tangu tarehe iliyo juu ya barua kuomba waitazame upya au kukata rufaa, na ukikata rufaa shauri linaweza kufika kwenye baraza huru la rufaa, nje ya kaunsili. Nikaeleza kwamba wiki nne za kwanza zilikuwa deni hata kama ningewahi. Wakakubali. Pauni 472 zikafutwa, zikabaki 354 tukazilipa kidogo kidogo. Ile kodi ya notisi niliyochelewesha tuliilipa wenyewe yote, pauni 472 nyingine. Kaka alikuwa anaweka akiba ya tiketi ya kwenda kwao mkewe; ilikwenda huko.

Kwa hiyo, dada, swali la kwanza kesho asubuhi si kwa watu wa Housing Benefit. Ni kwa ofisa ustawi wa jamii: umeandika tarehe gani kwamba mama ni wa kudumu? Muombe akuandikie, barua pepe inatosha. Tarehe hiyo ndiyo kila idara itaifuata, na mara nyingi familia haiambiwi. Ikiwa kikao bado hakijakaa na mama kwa kweli bado anakusudia kurudi, basi yuko kwenye majaribio na kodi inalipwa. Usiseme uongo ili kuongeza wiki. Maelezo ya kikao yanaandikwa na yanasomwa. Lakini pia usikubali mtu aandike "wa kudumu" kwa haraka wakati mama mwenyewe bado hajaamua. Hilo neno lina bei.

Ukishaipata tarehe, notisi iende siku hiyo hiyo au kesho yake. Kabla hujaipeleka, uliza shirika wiki yao inaanza siku gani, maana notisi inatakiwa iishie siku sahihi ya wiki ya upangaji, na ukikosea unaweza kuongezewa wiki. Waulize pia kama wanaweza kupokea funguo mapema. Nyumba za aina hiyo zina foleni ya watu, na wakati mwingine wanakubali kusimamisha kodi funguo zikirudi. Siku ya kurudisha funguo, chukua risiti. Nyumba iwe tupu kweli, zulia na pazia, la sivyo utalipishwa kuitoa takataka.

Anayetia saini notisi ni mpangaji. Mama yetu alitia mwenyewe, pale kwenye meza ya kulia ya makaoni, kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa haumtii. Kuandika jina lake kulichukua dakika nzima, na alikataa kusaidiwa. Alipomaliza akaisogeza ile karatasi kwangu akauliza, "Na masufuria yangu mmempa nani?" Nikamwambia yako kwangu yote. Akaridhika.

Kama mama yako akili bado inamuelewesha, mwache atie saini mwenyewe, na hapo hapo mshughulikie hati ya uwakala ya mali na fedha, isajiliwe. Kama haelewi tena anachokisaini, usimshike mkono. Na jihadhari na jambo moja linalowachanganya wengi: yule mtu aliyeteuliwa na serikali kupokea pensheni na benefiti kwa niaba ya mzee hana mamlaka ya kuvunja mkataba wa nyumba. Anayeweza ni mwenye hati ya uwakala iliyosajiliwa au aliyeruhusiwa na mahakama inayosimamia mambo ya wasio na uwezo wa kuamua, Court of Protection. Mahakama hiyo ina utaratibu wake wa maombi ya mkataba wa nyumba peke yake, lakini unachukua muda, na kodi inakimbia. Ukiwa huko, mwandikie mwenye nyumba mapema kabisa umueleze hali ilivyo.

Nawaandikia na wengine mnaosoma: msichukue ushauri wangu wa notisi kama baba au mtu mwingine bado anaishi ndani ya ile nyumba! Mkataba ukiwa wa mke na mume pamoja, notisi ya mmoja wao inaweza kuuvunja kwa wote wawili, na aliyebaki akajikuta hana nyumba. Hapo nyumba haivunjwi. Aliyebaki anaomba Housing Benefit kwa jina lake, kwa mapato yake, maana mwenzake akishakuwa mkaazi wa kudumu wa makao hawahesabiwi tena pamoja. Hata kama jina lake halimo kwenye mkataba, akiwa analazimika kulipa kodi ili aendelee kukaa, kaunsili inaweza kumhesabu kama mpangaji. Tafuteni ushauri kabla ya karatasi yoyote kutiwa saini.

Kuhusu dada yako wa Mombasa, namuelewa. Kwetu kurudisha nyumba ya mama ni kama kumzika angali hai, na shangazi zangu walinipigia simu wiki nzima kuniambia hivyo hivyo. Lakini mweleze hesabu. Mama akishakuwa wa kudumu, kaunsili inachukua karibu mapato yake yote kuchangia gharama za makao, na inamwachia pesa ya matumizi yake mwenyewe. Kwa mwaka 2025/26 England ilikuwa pauni 30.65 kwa wiki. Kodi ya pauni mia na kitu itatoka wapi? Housing Benefit yenyewe hailipi makao ya wazee. Na kwa kuwa mama anapata Housing Benefit, akiba yake kwa kawaida iko chini ya pauni 16,000, kwa hiyo yuko chini ya ile pauni 23,250 ambayo ukiizidi England unajilipia makao mwenyewe. Kaunsili itachangia, lakini haitalipa nyumba mbili. Unachoweza kuomba ni kwamba kwa wiki zile za notisi wamwachie zaidi ya hiyo pesa ya matumizi, sheria inawapa hiari hiyo. Mimi sikuomba kwa sababu sikujua.

Na asije mtu akapendekeza kijana wa familia awekwe pale awe analipa kodi mpaka "mama arudi". Ukipangisha, masharti ya Housing Benefit yamevunjika, na kupangisha kwa siri nyumba ya kaunsili au ya shirika England ni kosa la jinai tangu sheria ya 2013. Mwenye jina kwenye mkataba ni mama.

Mengine kwa ufupi. Attendance Allowance, ile posho ya wazee wanaohitaji kuhudumiwa, husimama baada ya siku 28 kama kaunsili inachangia makao, na siku za hospitali zikifuatana na za makao hujumlishwa, kwa hiyo piga simu wajue, usije ukapata barua nyingine ya deni. Pension Credit, wale wa nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo, nao waambiwe. Council Tax, yaani kodi ya kaunsili, ya nyumba iliyobaki tupu kwa sababu mkaazi wake amehamia makao ya wazee moja kwa moja inasamehewa, kwenye orodha yao ni daraja E. Sisi tuliomba na tukapewa bila shida. Idara hizi haziambiani, hata zikiwa jengo moja. Usiseme "nimeshamwambia ofisa ustawi". Andika kwa kila mmoja, weka nakala na tarehe.

Haya niliyoyasema ni ya mzee aliyefika umri wa pensheni na aliye kwenye Housing Benefit. Aliye kwenye Universal Credit, msaada wa wale ambao hawajafika umri wa pensheni, ana kanuni nyingine, na Uskoti na Wales viwango vya makao ni vingine.

Dada, nenda kaulize ile tarehe. Ukishaipata rudi uiandike hapa pamoja na siku ambayo wiki yao ya kodi inaanza, nikuhesabie notisi iishie lini na barua ya wiki 4 tuiandike pamoja.